KAPITENI ANACHAGUA: MAISHA YA C. T. STUDD (1860–1931)

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wa zamani, safari hii tunamleta mtu ambaye jina lake linajulikana sana kule Ibambi na Wamba, lakini hapa Katana tunalisikia mara moja moja tu. Ni Charles Thomas Studd. Watu wa Ibambi walimwita Bwana Mukubwa. Wengi wanaomfahamu wanafikiri juu ya mzungu mzee mwenye ndevu aliyehubiri katika pori la kaskazini ya nchi yetu. Ni wachache wanaojua kama mbele ya hayo yote alikuwa kapiteni wa mchezo, tena mchezaji mkubwa wa taifa lake.

Tumemchagua juu ya sababu moja. Kila mwaka katika masomo yetu wanachaguliwa makapiteni: wa ekipe ya mpira, wa darasa, wa chumba cha kulala, wa kazi ya shamba. Na kila mwaka tunasikia manung'uniko yale yale. Juu ya nini amemweka fulani, akamwacha fulani? Juu ya nini amengoja mpaka saa imekwisha? Maisha ya Studd toka mwanzo mpaka mwisho ni habari ya kuchagua namna hiyo. Alipokuwa kijana wengine walimchagulia. Kisha akaanza kuchagua mwenyewe, na si wote waliofurahi.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo aliocheza unaitwa kriketi. Sisi hapa hatuuchezi, lakini jirani zetu wanaucheza: Uganda, Kenya, Tanzania. Ekipe ya Kenya ilifika nusu-fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Ng'ambo ya ziwa letu, Rwanda nao wamejenga kiwanja cha kriketi huko Gahanga, karibu na Kigali, kilichofunguliwa mwaka 2017.

Tueleze kwa kifupi. Kila ekipe ina watu 11. Mtupaji anatupa mpira mdogo mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa chini. Mbele ya vile vijiti anasimama mpigaji mwenye gongo. Akiupiga mpira mbali, anakimbia upande wa pili, na kila mbio ni alama moja. Mpira ukigonga vijiti, ama ukidakwa mbele ya kugusa chini, mpigaji anatoka na mwingine anaingia. Wapigaji wanakuwa wawili wawili kiwanjani. Kwa hiyo wakitoka 10, yule wa 11 anabaki bila mwenzake na zamu ya ekipe imekwisha.

Hapa ndipo kazi ya kapiteni inapoonekana. Ni yeye anayepanga nani aingie wa kwanza, nani wa tano, nani wa mwisho. Ni yeye anayesema nani atupe mpira sasa na nani apumzike. Hakuna kocha wa kupiga kelele pembeni. Akikosea, watu wote wanaona.

KIJANA WA CAMBRIDGE

Studd alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 huko Spratton, Uingereza. Baba yake, Edward Studd, alipata utajiri mwingi India katika mashamba ya mimea ya rangi ya buluu, kisha akarudi kwao kuishi kama bwana mkubwa wa farasi na michezo. Baba huyo aligeuka sana alipomsikia mhubiri Mmarekani Dwight Moody, akaanza kuwaambia watoto wake habari za imani. Watoto walikuwa hawapendi sana.

Charles alisoma Eton, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, pamoja na ndugu zake Kynaston na George. Wote watatu walikuwa mafundi wa kriketi. Ikatokea jambo ambalo watu wa Cambridge hawajasahau: George alikuwa kapiteni mwaka 1882, Charles mwaka 1883, Kynaston mwaka 1884. Ndugu watatu, kapiteni mmoja nyuma ya mwingine!

Katika hao watatu Charles ndiye alikuwa mkali zaidi. Mwaka 1882 alipata alama zaidi ya 1000 kwa gongo, na kwa kutupa mpira alitoa wapigaji zaidi ya 100. Mwaka 1883 akafanya vile vile tena. Mwaka ule wa 1882 ekipe ya Australia ilikuja Uingereza, na Charles aliipiga mara mbili alama zaidi ya 100 kwa zamu moja, mara ya kwanza akiwa na Cambridge, mara ya pili akiwa na klabu ya MCC ya London. Alikuwa na miaka 21 tu.

SIKU MBILI ZA AGOSTI 1882

Sasa tunafika kwenye mchezo wenyewe. Tarehe 28 na 29 Agosti 1882, Uingereza na Australia walikutana katika kiwanja cha Oval, London. Kapiteni wa Uingereza alikuwa A. N. Hornby. Australia walianza, wakapata 63 tu. Uingereza wakapata 101. Katika zamu ile Studd hakupata hata alama moja. Mtupaji wa Australia, Fred Spofforth, alivigonga vijiti vyake. Hata mafundi wana siku zao mbaya.

Katika zamu ya pili Australia wakapata 122. Lakini katikati ya zamu hiyo lilitokea jambo. Kijana mmoja wa Australia, Jones, alifikiri mpira umetulia, akatoka mahali pake ili kusawazisha udongo kwa gongo. W. G. Grace, mchezaji mwenye jina kuliko wote wa Uingereza, akaugongesha mpira kwenye vijiti, na mwamuzi akamtoa Jones. Sheria haikuvunjwa. Lakini Waaustralia waliona kama si uungwana, na Spofforth alirudi kiwanjani na hasira moyoni.

Uingereza walihitaji alama 85 tu ili kushinda. Si nyingi. Walifika 51 na watu wawili tu ndio waliotoka. Kila mtu alifikiri mchezo umekwisha. Halafu Spofforth akaanza kazi. Kwenye 53 walikuwa wametoka wanne. Kwenye 66, watano. Kwenye 70, saba.

Na Studd yuko wapi? Amekaa nje anangoja. Hornby alibadilisha mpango wa wapigaji, akamweka huyu kijana aliyekuwa amewapiga Waaustralia mara mbili mwaka ule ule awe mtu wa 10. Wengi wanaeleza kama kapiteni alitaka kuweka mtu mwenye nguvu akiba, ili mambo yakiharibika mwishoni awepo wa kuyatengeneza. Inasimuliwa kama Studd alikuwa akizunguka huko nje amejifunika blanketi, anatetemeka. Inasimuliwa tena kama mtazamaji mmoja alitafuna kishikio cha mwavuli wake mpaka kikaharibika.

Kwenye 75 mtu wa nane akatoka. Sasa Studd akaingia. Lakini aliingia upande ambao si wake kupiga. Mwenzake akadakwa pale pale. Akaja mtu wa mwisho, Ted Peate, ambaye kazi yake ilikuwa kutupa, si kupiga. Zilibaki alama 10. Peate angeweza kuuzuia mpira polepole na kumwachia Studd nafasi. Hakufanya hivyo. Alipiga kwa nguvu akapata mbili, akapiga tena hewa, vijiti vikaanguka. Uingereza 77. Walishindwa kwa alama 7. Inasimuliwa kama Peate aliulizwa juu ya nini hakumwachia Studd, naye akajibu kama hakuwa na hakika ya huyo kijana.

Na Studd? Alisimama upande wa pili na gongo mkononi. Hakupigiwa hata mpira mmoja.

Nyuma ya siku chache gazeti moja la London liliandika kwa mzaha tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza, likasema mwili utachomwa na majivu yapelekwe Australia. Mwisho wa mwaka ule Charles na ndugu yake George walisafiri na ekipe ya kapiteni Ivo Bligh kwenda Australia kuyarudisha hayo majivu, na katika michezo mitatu waliyopangiwa walishinda miwili. Huko Bligh alipewa chombo kidogo cha majivu. Kinahifadhiwa mpaka leo huko Lord's, London, na jina la akina Studd limeandikwa juu yake.

TUSEME WEWE NDIYE HORNBY

Tusimame kidogo hapa. Ni rahisi kumcheka Hornby leo. Lakini tuseme wewe ndiye kapiteni. Una mtu mmoja mwenye nguvu kuliko wengine. Asubuhi alikosea. Sasa anatetemeka. Wenzake walioko mbele wanaendelea vizuri. Je, unamwingiza sasa, ama unamweka akiba?

Sisi tunaona mfano wake katika penalti. Kapiteni anapanga wapigaji watano, anamweka fundi awe wa tano, sababu anataka ampate wakati mambo ni magumu. Wa kwanza anakosa, wa pili anakosa, wa tatu anakosa. Mchezo umekwisha mbele ya fundi kugusa mpira. Anabaki amesimama katikati ya kiwanja, mikono kiunoni. Akiba ni kitu kizuri, lakini akiba ambayo haikutumika haisaidii kitu.

Hatusemi kama Studd mwenyewe alijifunza hilo siku ile. Lakini ukitazama maisha yake ya nyuma, utaona mtu ambaye hakukubali tena kuwekwa akiba, wala hakuweka akiba kitu chake chochote.

KAPITENI ANAWEKA GONGO CHINI

Karibu na mwisho wa mwaka 1883 ndugu yake George aliugua sana. Charles alikaa kando ya kitanda chake, akajiuliza sifa ya michezo inamfaa nini mtu anayekufa. George alipona. Charles akaenda kumsikia Moody, akaamua. Wenzake wa kriketi aliwaalika nao wakasikilize, na wengine walikuja.

Mwaka 1884 alisema anakwenda China. Jamaa zake walilia. Wengine waliona anapoteza akili. Lakini tarehe 5 Februari 1885 aliondoka pamoja na vijana wengine sita. Magazeti yaliwaita Saba wa Cambridge. Kati yao kulikuwa na maofisa wa jeshi na watoto wa matajiri. Vijana wengi wa vyuo vya Uingereza waliguswa: kama hawa wenye kila kitu wanakwenda, sisi je?

Huko China alivaa nguo za Wachina, akajifunza lugha yao. Alipofika miaka 25 alipaswa kupokea urithi wa baba yake, kama pauni 29,000. Kwa wakati ule ilikuwa pesa ya kuishi nayo maisha yote bila kufanya kazi. Tarehe 13 Januari 1887 akaanza kuigawa: pauni 5,000 kwa kazi ya Moody, pauni 5,000 kwa George Müller aliyelea yatima huko Bristol, na wengine vivyo hivyo. Mwaka 1888 alimwoa Priscilla Stewart, binti wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi ya kuhubiri China. Alikuwa amebakiza pauni 3,400 akamwekea mke wake. Priscilla akakataa, nazo zikatolewa. Wakaanza ndoa yao mikono mitupu.

Walikaa China mpaka 1894. Walizaa huko binti wanne. Walisaidia watu waliofungwa na afyuni. Afya ikaharibika, wakarudi Uingereza. Toka 1900 mpaka 1906 Studd alichunga kanisa huko Ootacamund, India ya kusini.

KONGO

Mwaka 1908, huko Liverpool, aliona tangazo lililosema kama watu wa Afrika ya kati wanahitaji wahubiri. Alikuwa karibu miaka 50, mgonjwa wa pumu, hana pesa. Daktari akakataa. Kamati ya wafanyabiashara iliyokuwa imeahidi kumsaidia ikajiondoa. Mtu wa namna hii kila kapiteni angemweka akiba, hata angemwondoa kabisa katika ekipe. Yeye akajiingiza mwenyewe. Desemba 1910 akapanda meli peke yake kwenda Sudan, kuangalia njia.

Mwaka 1913 alirudi Afrika pamoja na kijana mmoja wa Cambridge, Alfred Buxton. Walipita Kenya na Uganda, wakavuka Ziwa Albert, na mwezi wa Oktoba wakafika Niangara, katika Kongo ya Wabelgiji. Kisha kazi ikahamia Nala, na mwishowe Ibambi. Studd alirudi Uingereza kidogo kutafuta wasaidizi, akaja tena mwaka 1916. Toka hapo hakuiona tena Uingereza mpaka kufa.

Maisha yake Ibambi yalikuwa ya nyumba ya miti na majani, na kitanda cha kienyeji. Aliamka mbele ya jogoo. Alipiga banjo katika ibada. Alihubiri kwa masaa mengi mbele ya mamia ya watu, na kwa mikutano mikubwa watu walitembea kwa miguu kutoka mbali. Tena, jambo linalotuhusu sisi: alitumia Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo, akatafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo ili hata mtu asiyesoma sana aelewe.

UPANDE WA UCHUNGU

Tungeweza kuishia hapa, nayo ingekuwa habari nzuri. Lakini maisha ya kapiteni hayapimwi kwa ushindi tu. Yanapimwa pia kwa wale waliobeba uzito wa maamuzi yake.

Wa kwanza ni Priscilla. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, hakuweza kuja Kongo. Alibaki Uingereza, mwanzo akilala kitandani, kisha akaamka akaendesha kazi yote ya nyumbani: barua, safari, pesa, watu wapya. Mwaka 1928 alikuja Ibambi mara moja tu. Walikaa pamoja wiki mbili, kisha akarudi sababu joto lingemuumiza. Mwaka 1929 akafa Hispania. Bwana wake hakuwako.

Wa pili ni wenzake wa kazi. Studd alifanya kazi kama masaa 18 kwa siku, na alitaka wote wafanye vile. Aliyetaka nyumba nzuri zaidi ama mapumziko, alimwona kama amelegea. Wengine waliondoka, wengine waliondolewa. Hata Alfred Buxton, yule kijana aliyevuka naye Ziwa Albert, aliyemwoa binti yake Edith, aliachana naye katika kazi. Studd aliandika pia kitabu kidogo cha maneno makali sana, na marafiki wengi wa kazi huko Uingereza walichukizwa. Miaka yake ya mwisho alikosana na kamati ya London.

Hapa wasomaji wa maisha yake wanagawanyika. Wengine wanasema bila ukali ule Ibambi isingekuwako. Wengine wanasema mtu akiamua kutojihurumia mwenyewe, hiyo ni haki yake, lakini kuamua kutomhurumia mwenzake ni jambo lingine. Sisi tunaona kama wa pili wana neno la kusikilizwa. Hornby alikosea kwa kumweka fundi nje muda mrefu. Kuna kosa lingine la kapiteni, nalo ni kuwachezesha watu wote bila kupumzisha hata mmoja, mpaka miguu inakatika. Kapiteni mwenye nguvu ndiye anayeingia katika kosa hili kwa urahisi, sababu anawapima wengine kwa mwili wake yeye.

MWISHO WAKE

Studd alikufa Ibambi tarehe 16 Julai 1931, akiwa na miaka 70. Siku chache tu mbele ya hapo alikuwa bado anaongoza ibada ya masaa mengi. Watu kama 2000 walikuja kumzika. Kazi iliendelezwa na Norman Grubb, bwana wa binti yake Pauline. Kanisa lililotoka katika kazi hiyo ni Jumuiya ya 16 katika Kanisa la Kristo katika Kongo, inayojulikana kwa jina la CECCA/16. Linaongozwa na Wakongomani.

MASWALI YA KUJIULIZA

Tunaachia makapiteni wetu, na wote wanaowanung'unikia, maswali haya ya kujadiliana jioni. Yanafaa kwa kriketi, kwa mpira, hata kwa kazi ya shamba.

1. Tuseme fundi wako amekosea katika kipindi cha kwanza, na mbele yenu kuna dakika kumi za hatari. Unamrudisha mara moja, ama unamngojesha? Utamwambia nini kwa njia zote mbili?

2. Tuseme mchezaji wako amefanya ujanja kama wa Grace: sheria haikuvunjwa, mwamuzi amekubali, mmepata faida. Je, utamwambia mwamuzi kama hamuitaki faida ile? Na kama unanyamaza, uko tayari kwa hasira ya Spofforth?

3. Tuseme wewe ni Peate. Wewe si mpigaji, lakini mpira umekujia, na yule mwenye uwezo anakutazama upande wa pili. Utapiga kwa nguvu upate sifa, ama utazuia ili mwenzako apate nafasi?

4. Tuseme una nguvu kuliko ekipe yote. Unakimbia, wengine wamechoka. Utajuaje kama wamelegea, ama kama wewe unawaua?

Majibu ya darasa lolote yaletwe kwa maandishi. Tutachapa yale mazuri katika toleo linalofuata, hata kama hayapatani na mawazo yetu.